Daftari la shule si siri ya mkurugenzi



Mwishoni mwa mwaka mmoja wa masomo, wazazi wa shule ya msingi ya Kikatoliki walioko jirani na kanisa letu waliitwa mkutanoni. Shule hiyo sitaitaja, kwa maana ninalotaka kulisema laweza kuihusu shule yoyote. Nilihudhuria kwa niaba ya wazazi wangu, kwa sababu mdogo wangu alikuwa akisoma pale. Mkurugenzi alitushukuru, akasoma matokeo ya mitihani, kisha akaomba mchango mpya kwa ajili ya madawati. Ndipo mama mmoja, mwenye kuuza muhogo sokoni, akasimama na kuuliza kwa sauti ya heshima: «Baba Mkurugenzi, mwaka jana tulitoa mchango wa madawati. Madawati hayo yako wapi?»

Ukumbi ukanyamaza. Mjumbe mmoja wa komite ya wazazi akamwambia mama yule aketi, akisema kwamba si desturi ya Wakristo kuwaaibisha viongozi wao mbele ya watu. Mama akaketi. Mwaka uliofuata hakutoa mchango, na jirani zake hawakutoa.

Baada ya miezi mingi tukaja kuujua ukweli. Fedha zile hazikuibwa. Mkurugenzi alikuwa amewagawia walimu wawili ambao majina yao yalikuwa bado hayajaingizwa katika orodha ya mishahara ya Serikali, nao walikuwa wakifundisha mwaka mzima bila kulipwa. Kama wangaliondoka, madarasa mawili yangalifungwa. Nina hakika kwamba wazazi wengi wangalikubali, lau wangaliulizwa. Lakini hawakuulizwa, wala hakikuandikwa kitu. Mtu mwema alitenda jambo jema kwa namna ambayo mwizi hutenda, yaani gizani, na malipo aliyoyapata ni yale yale ya mwizi: watu waliacha kumwamini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ningethubutu kuongeza kwamba hata mali isiyopotea, ikikosa daftari, huonekana imepotea. Ndiyo sababu ya maandishi haya. Nataka kuwaambia wazi, vijana wenzangu, kwamba hesabu za shule zetu za Kikatoliki ni haki ya wote wanaozitegemea, na kwamba kuziomba si uasi. Ni wajibu.

Shule hizi ni za nani?

Kwanza tufahamu shule zetu ni za namna gani, kwa sababu wengi wetu tumesoma ndani yake bila kulijua jambo hili. Mwaka 1906 Dola la Kongo la wakati ule lilifanya mapatano na Makao ya Papa, na wamisionari wakapewa ardhi kwa sharti la kufungua shule. Kwa miaka mingi shule za misioni ziliendelea kwa msaada wa serikali ya kikoloni, na baadaye wa serikali ya nchi huru. Mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilizitwaa mikononi mwake. Haikuchukua muda mrefu ikaona mzigo ni mzito: tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, ili makanisa yaziendeshe tena shule zao.

Mapatano hayo ndiyo yanayotuongoza mpaka leo. Shule hubaki kuwa ya umma. Serikali huweka programu ya masomo, hutuma wakaguzi, na huwalipa walimu. Kanisa, kwa njia ya ofisi ya uratibu ya jimbo, hupendekeza na kusimamia wakurugenzi na waperefe, huangalia nidhamu na malezi, na huendesha shughuli za kila siku. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya Kikatoliki hupokea mshahara wake kutoka hazina ya taifa, na humtii mkubwa aliyewekwa kwa kibali cha askofu.

Angalieni basi jinsi shule hiyo ilivyo. Ina wenyewe wengi. Kodi ya mchuuzi asiye Mkristo imo ndani yake. Sadaka ya bibi yetu aliyechangia matofali imo. Mchango wa mzazi imo pia, na jasho la mwalimu aliyefundisha bila mshahara. Mahali penye wenyewe wengi hivi pana hatari ya pekee: kila mmoja hudhani kwamba mwingine anachunga. Serikali husema, shule hii ni ya mapadri, watajiangalia wenyewe. Ofisi ya uratibu husema, mkaguzi wa Serikali atapita. Wazazi husema, viongozi wetu ni watu wa Mungu. Hivyo macho ni mengi, lakini hakuna hata jicho moja linalotazama ndani ya daftari.

Fedha huingia kwa milango mingapi?

Mlango wa kwanza ni Serikali. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Maneno hayo yalikaa katika karatasi kwa miaka mingi, mpaka Septemba 2019 Serikali ilipoanza kuyatekeleza nchini kote. Tangu hapo, kwa shule ya msingi, Serikali ndiyo inayopaswa kuwalipa walimu na kutoa pia kiasi cha fedha kwa ajili ya uendeshaji: chaki, madaftari ya wito, fagio, kufuli.

Mlango wa pili ni wazazi. Katika shule za sekondari wao bado wanalipa, na kila mwaka gavana wa mkoa hutoa agizo linalotaja kiasi kinachoruhusiwa. Hata katika shule za msingi, baada ya elimu kutangazwa kuwa ya bure, tumeona michango ikirudi kwa majina mengine: ya mlinzi, ya karatasi za mtihani, ya sare, ya sikukuu. Mlango wa tatu ni wafadhili, yaani parokia, wanafunzi wa zamani, mashirika ya misaada.

Tukumbuke pia kwamba fedha zina milango ya kutokea, na mmoja wao hauzungumzwi sana. Tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kulipa mishahara na wazazi wakabeba mzigo huo, ilizoeleka kwamba sehemu ya michango ya wazazi hupanda kutoka shuleni kwenda ofisi za juu, za Serikali na za Kanisa pia. Ofisi hizo zina kazi ya kweli na zina gharama za kweli. Lakini mzazi aliyeuza mbuzi wake ili mtoto asome ana haki ya kujua ni sehemu gani ya mbuzi huyo ilibaki darasani, na ni sehemu gani ilipanda ngazi.

Pale milango inapokuwa mingi na giza likawa kubwa, hata fedha nyingi hazitoshi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 ili kuisaidia nchi yetu katika elimu, hasa elimu ya bure. Mwaka huo huo wakaguzi wakuu wa fedha wa Serikali waliingia SECOPE, idara iliyokuwa ikishughulikia mishahara ya walimu wakati ule, na kazi yao ikawafikisha maafisa wakubwa mahakamani. Na mwezi Oktoba 2021, walimu wa shule za Kikatoliki walipokuwa katika mgomo, watoto wa Kinshasa waliingia hadi ndani ya jengo la Bunge kuwadai walimu wao. Wale watoto hawakujua lolote juu ya orodha za mishahara. Walijua tu kwamba kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu. Hesabu iliyoharibika juu humwangukia mtoto aliye chini.

Sababu tatu za kunyamaza

Nimesikia sababu tatu ambazo watu hutoa ili daftari lisifunguliwe. Si sababu za kipuuzi, nami nitazijibu moja moja.

Ya kwanza ni heshima. Tunaambiwa kwamba kumwuliza mkubwa juu ya fedha ni kumtuhumu. Lakini mbona mtume Paulo hakuona hivyo? Alipokuwa akikusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika barua yake ya pili kwa Wakorinto, sura ya nane, anaeleza kwamba anamtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu juu ya fedha nyingi namna ile, kwa kuwa yampasa mtu kutenda mema si mbele ya Bwana tu, bali na mbele ya wanadamu. Paulo, aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Injili, hakuona haya kusafiri na mashahidi wa hesabu. Ni nani kati yetu aliye mkubwa kuliko Paulo?

Na Kanisa limelifanya jambo hilo kuwa sheria. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, katika kanuni ya 1284, kinawaagiza wasimamizi wa mali ya Kanisa kutunza vizuri vitabu vya mapato na matumizi, na kuandaa hesabu kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inawataka wawape waamini hesabu ya mali ambayo waamini hao wameitoa. Basi mama yule wa muhogo aliposimama na kuuliza, hakuivunja desturi ya Wakristo. Aliyemwambia aketi ndiye aliyeivunja.

Sababu ya pili ni hii: Serikali yenyewe haitimizi wajibu wake, kwa nini tuibane shule? Kweli, kuna walimu waliofundisha kwa miaka bila kuingizwa katika orodha, na fedha za uendeshaji huchelewa au hazifiki. Sikatai. Lakini ni nani atakayeisadikisha Serikali kwamba inadaiwa, ikiwa shule haina maandishi? Mkurugenzi anayeweza kuonyesha kwamba mwaka huu alitarajia kiasi fulani, akapokea nusu yake, na kwamba walimu wanne hawakupokea hata franka moja, huyo ana silaha. Anayeficha michango ili kuziba pengo huificha pia dhambi ya aliyeliacha pengo. Daftari lililo wazi haliielemei shule peke yake. Linamfuata mdeni wa kweli mpaka mlangoni pake.

Sababu ya tatu ni kwamba fedha ni kidogo mno kuhesabiwa. Hapa nina neno fupi. Mtu aliyezoea kuhesabu kidogo ndiye atakayeaminiwa kwa kingi. Ndivyo Bwana alivyofundisha mara baada ya ule mfano wa wakili aliyeitwa kutoa hesabu. Na kwa familia ya maskini hakuna franka iliyo ndogo. Kile ambacho ofisi inakiita kidogo, nyumbani kwetu ni unga wa juma zima.

Kinachowezekana kesho asubuhi

Msidhani kwamba ninaota mambo makubwa. Muundo upo tayari. Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi na baraza la uendeshaji, ambalo watu hulitaja kwa kifupi COGES, na ndani yake huketi mkuu wa shule, walimu na wawakilishi wa wazazi. Tatizo ni kwamba mara nyingi baraza hilo huitwa kutia sahihi mambo yaliyokwisha kutendeka, au wajumbe wake huchaguliwa na yule yule wanayepaswa kumwangalia.

Mimi ningeomba mambo manne tu. Kwanza, kila fedha inayoingia iwe na risiti yenye namba, na kila inayotoka iwe na hati yenye sahihi ya watu wawili, wasiwe mtu na ndugu yake. Pili, anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika daftari. Mikono miwili ikitenganishwa, kishawishi hupungua hata kwa mtu mwaminifu. Tatu, kila mwisho wa muhula ibandikwe ukutani karatasi moja yenye mistari minne: tulikuwa na kiasi gani, tumepokea kiasi gani na kutoka kwa nani, tumetumia kiasi gani kwa jambo gani, kimebaki kiasi gani. Iandikwe kwa Kiswahili, ili mama wa muhogo aisome au asomewe na mtoto wake. Nne, fedha iliyoombwa kwa jambo moja isigeuzwe kwa jambo jingine kabla ya wazazi kuulizwa.

Jambo hilo la nne lingalimwokoa mkurugenzi wa hadithi yangu. Siku moja tu ya mkutano, maneno machache ya kweli: «Wazazi wangu, madawati yanaweza kungoja, walimu hawa wawili hawawezi.» Nani angalikataa? Labda wachache. Lakini hata hao wachache wangalijua fedha zao zimekwenda wapi. Hesabu iliyo wazi humlinda mwenye mali, na humlinda zaidi yule anayeitunza. Mkurugenzi mwaminifu akisingiziwa leo, atajitetea kwa nini ikiwa hana karatasi?

Tuanzie kwenye sanduku letu

Sasa nawageukia ninyi, na mimi mwenyewe. Ni rahisi kijana kusimama na kudai hesabu za wakubwa. Lakini sanduku la kikundi chetu likoje? Tulipochanga kwa ajili ya hija, ni nani aliyesoma hesabu baada ya kurudi? Tulipouza keki na soda siku ya sikukuu ya parokia, faida ilikuwa kiasi gani, na ilikaa mfukoni mwa nani? Nakiri kwamba niliwahi kuwa mtunza fedha wa kikundi chetu kwa miaka miwili, na mwaka wa kwanza sikuandika kitu. Sikuiba. Nilikopa kidogo nauli siku moja, nikarudisha. Nikakopa tena, nikasahau kama nilirudisha. Mpaka leo sijui kwa hakika kama nina deni. Hiyo ndiyo adhabu ya kukosa daftari: unaweza kuwa mwizi bila kujua, na unaweza kuwa mwaminifu bila kuwa na namna ya kuthibitisha.

Mwaka wa pili dada mmoja wa kikundi alinunua daftari dogo lenye jalada la bluu, akachora mistari mitatu, akanipa bila kusema neno. Nililijaza kila Jumapili baada ya Misa. Sikuwahi kupewa zawadi nzuri kuliko ile.

Ndani ya vikundi vyetu wamo wale ambao baada ya miaka kumi watakuwa wakurugenzi, maekonoma, wakaguzi, mapadri. Hakuna anayejifunza uaminifu siku anapokabidhiwa funguo za kasha. Hujifunza kwenye fedha za soda. Na wale kati yetu tuliokwisha kumaliza shule, tuna nafasi nyingine. Komite za wazazi zinahitaji watu wanaojua kujumlisha na kutoa, wenye muda na wasioogopa kuuliza kwa adabu. Wazazi wetu wengi wanaogopa kwa sababu watoto wao bado wako mikononi mwa shule. Mtoto anaweza kufukuzwa, anaweza kuchukiwa. Kijana aliyemaliza hana hofu hiyo. Aende pamoja na mama yake mkutanoni, aketi kando yake, na mama akiambiwa aketi, yeye asimame na kulirudia swali lile lile kwa heshima ile ile.

Mama yule wa muhogo bado yuko sokoni. Mwaka jana shule ilipata mkurugenzi mwingine, naye alianza kubandika karatasi mlangoni mwa ofisi. Nilimkuta mama amesimama mbele ya karatasi hiyo, na mjukuu wake akimsomea mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti mbili zilizokunjwa, akaingia ofisini kuulipa mchango. Alipotoka alikuwa na risiti mkononi. Aliikunja vizuri, akaifunga katika fundo lile lile.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika kikundi chetu, ni lini mara ya mwisho hesabu ilisomwa mbele ya wote? Nani anashika fedha, na nani anaandika?

2. Shule ya parokia yetu ina komite ya wazazi? Tunawajua wajumbe wake, na tunajua walichaguliwa namna gani?

3. Kama ungalikuwa mkurugenzi yule, mwenye walimu wawili wasiolipwa na fedha za madawati mkononi, ungalifanya nini, na ungalimwambia nani kwanza?